Kona ya Mitambo: Seva Inaposema "Sijambo"

Katika toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya vyeti vya usalama vya tovuti. Ahadi hiyo naiahirisha, na wanaonidai wanivumilie. Kwenye kikao cha mwezi uliopita mwalimu wetu mmoja aliuliza kwa nini mfumo wa chuo humkatalia nenosiri asubuhi, kisha dakika moja baadaye humkubalia, ilhali hajabadilisha hata herufi. Ukumbi ulicheka. Mimi nilicheka nusu, kwa sababu jambo hilohilo liliwahi kumkata rafiki yangu alama tano za insha, na nusura aitwe mwongo juu yake.

Nilikuwa nasoma chuo kingine wakati huo, hapahapa Uingereza, na jina lake nitalihifadhi. Nilifanya kibarua kwenye dawati la msaada wa kompyuta, zamu tatu kwa wiki. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu na kuuliza watu kama wamejaribu kuzima na kuwasha. Siku ya kuwasilisha insha za mwisho wa muhula, mwisho ukiwa saa sita kamili mchana, simu zilianza kulia tangu saa tatu asubuhi. Malalamiko yalifanana: ukiandika jina na nenosiri, ukurasa unazunguka nusu dakika kisha unakataa, ukijaribu tena unaingia papo hapo. Kuna aliyejaribu mara mbili, kuna aliyejaribu mara nne. Kufikia saa tano tulikuwa na ushauri mmoja tu wa kuwapa watu, nao ni "jaribu tena". Ushauri huo ulikuwa na maana kuliko sisi wenyewe tulivyojua.

Rafiki yangu, kijana wa Tanga ambaye insha yake ilikuwa tayari tangu usiku, alijaribu kuingia saa sita kasoro dakika moja. Ukurasa ukazunguka, ukakataa. Akajaribu tena, ukazunguka, ukakataa. Mara ya tatu akaingia, na saa ya mfumo ikamwandikia saa sita na dakika moja. Alama tano zikakatwa. Alipokata rufaa alijibiwa kwa barua fupi kwamba idara ya mitambo imethibitisha seva zote zilikuwa nzima asubuhi ile, paneli ya uangalizi ikiwa kijani mwanzo hadi mwisho. Yaani aliambiwa mwongo, ila kwa adabu.

Paneli kweli ilikuwa kijani. Niliiona kwa macho yangu.

Ili tuelewane, lazima nieleze kwanza saraka ni nini. Mnajua saraka ya simu: daftari la majina na namba. Chuo nacho kina saraka ya kielektroniki inayoweka jina la kila mwanafunzi na mwalimu, barua pepe yake, vikundi alivyomo na nenosiri lake lililofichwa kwa hesabu maalumu. Ukifungua barua pepe, ukiazima kitabu cha kielektroniki maktaba, au ukiunganisha simu na mtandao wa eduroam, kwa kawaida nyuma ya pazia kuna programu inayokwenda kuiuliza saraka: huyu ni nani, na nenosiri lake ni hili? Lugha ambayo programu hizo huzungumza na saraka huitwa LDAP. Ilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambako Tim Howes na wenzake walitaka njia nyepesi ya kufikia saraka za X.500, zilizokuwa nzito mno kwa kompyuta za mezani za wakati ule. Maelezo yake ya kwanza rasmi yalitoka mwaka 1993, na toleo la tatu, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, mwaka 1997. Mlango wake wa kawaida ni namba 389, na ule wa mawasiliano yaliyofichwa tangu mwanzo ni 636.

Kwa kuwa saraka ikilala chuo kizima kinalala, hakuna anayeweka seva moja. Pale kwetu zilikuwa tatu, zote zikiwa na nakala ya majina yaleyale. Mbele yao kulikuwa na mashine ninayoiita kigawa-mzigo, mfano wa kondakta kwenye stendi ya daladala: kila ombi linapokuja analielekeza, wewe panda hii, wewe ile. Ili asipakie watu kwenye gari bovu, kila baada ya muda mfupi hupita akizikagua seva. Waingereza huuita ukaguzi huo kwa jina linalonukia hospitali. Mimi napendelea neno letu la kujulia hali. Humpimi mtu damu. Unapita mlangoni kwake kuona ameamkaje.

Na hapo ndipo sisi Waswahili tuna la kuwafundisha mafundi. Ukimuuliza mtu "Hujambo?" atajibu "Sijambo", hata kama ameshinda na homa. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Umekaa, umeletewa maji, mmezungumza mvua na bei ya mchele, ndipo unasikia: "Nzuri, ila mtoto kalazwa tangu juzi." Jibu la kwanza ni adabu tu. Habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Kigawa-mzigo cha chuo kile kilikuwa kinauliza hujambo, kinapokea sijambo, na kuondoka zake.

Swali lake lilikuwa moja: je, mlango 389 uko wazi? Kila baada ya sekunde mbili kilibisha hodi kwenye kila seva, kikipokewa kinaandika kijani. Sasa, wengi hawajui ni nani hasa anayeitikia hodi hiyo. Muunganisho wa TCP hufunguliwa kwa ujumbe mitatu: mmoja kwenda, mmoja kurudi, mmoja kwenda tena. Anayejibu si programu ya saraka, bali ni mfumo endeshi wa mashine. Programu ya saraka ilisema zamani, ilipowashwa, kwamba inasikiliza mlango huo, na tangu hapo mfumo endeshi ndio unaopokea wageni na kuwapanga kwenye foleni hadi programu iwachukue. Programu ikiganda kabisa, wageni bado wanaitikiwa "karibu" mpaka foleni ijae. Ni kama boma lenye mlinzi mchangamfu getini wakati wenyewe wamezimia ndani.

Kwa seva yetu ya pili mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu hata foleni haikujaa. Diski yake ilikuwa inasuasua, ikichukua makumi ya sekunde kusoma kitu ambacho jana yake ilikisoma kufumba na kufumbua. Ndani ya OpenLDAP, programu tuliyokuwa tukiitumia, kuna sehemu inayopokea wageni, na kuna wafanyakazi wa kuwahudumia, 16 kama hujabadilisha mpangilio. Mpokeaji alikuwa mzima, mwepesi kama kawaida yake. Wafanyakazi wote 16 walikuwa wamesimama wakisubiri diski. Ukurasa wa kuingilia ulisubiri sekunde 30 kisha ukakata tamaa na kumwambia mtu ameshindwa kuingia.

Fanyeni hesabu. Seva tatu, maombi yanagawiwa kwa zamu, moja mbovu. Mtu mmoja kati ya watatu anakwama. Anayejaribu tena ana nafasi mbili kati ya tatu za kuingia, ndiyo maana "jaribu tena" ilifanya kazi. Na mmoja kati ya tisa anakwama mara mbili mfululizo, akipoteza dakika nzima. Rafiki yangu alikuwa huyo wa tisa.

Ushahidi uliomwokoa haukutoka kwenye paneli. Ulitoka kwenye kumbukumbu za kigawa-mzigo chenyewe, zile ambazo hakuna anayezisoma mpaka kuwe na msiba. Kila muunganisho huandikiwa mstari mmoja: umekwenda seva gani, umedumu muda gani, baiti ngapi zimerudi. Fundi mmoja mwenye subira alichuja mistari ya asubuhi ile, na seva ya pili ikajitokeza peke yake: miunganisho mamia iliyodumu sekunde 30, baiti zilizorudi sifuri. Miwili kati ya hiyo ilikuwa ya dakika ile ya mwisho kabla ya saa sita. Alama tano zilirudi baada ya wiki tatu. Barua ya kumtaka radhi sijasikia kama ilifika.

Baada ya hapo ikaamuliwa swali libadilishwe. Njia ya mkato ipo. HAProxy, ambayo hutumiwa sana kwa kazi hii, ina kipimo chake cha LDAP kilicho tayari: hutuma ombi la kujitambulisha bila jina wala nenosiri, baiti 14 tu, na huikubali seva ikijibu sifuri, ambayo kwa LDAP maana yake ni "sawa". Hiyo ni hatua mbele, kwa kuwa sasa anayejibu ni programu ya saraka yenyewe. Kwa ugonjwa wa diski yetu ingetosha, maana wafanyakazi wote walikuwa wamekwama. Lakini kwa magonjwa mengine bado ni sijambo ya adabu. Mtu asiye na jina hahitaji kutafutwa kwenye daftari, kwa hiyo seva inaweza kumjibu bila kulifungua. Daftari linaweza kuwa limeharibika, au tupu, na jibu likawa lilelile.

Daftari tupu si kichekesho. Fundi anapoijenga upya seva, kuna kipindi ambacho programu imewashwa lakini majina hayajamaliza kunakiliwa kutoka kwa wenzake. Ukiiuliza seva hiyo juu ya Asha au Juma, haisemi "simjui". Kwa sababu za usalama, ili mwizi asijue ni majina gani yapo, OpenLDAP hujibu namba 49, yaani utambulisho si sahihi. Asha anaambiwa amekosea nenosiri. Anaanza kujitilia shaka, anabadilisha nenosiri, simu yake inabaki na lile la zamani, na jioni yupo kwenye dawati la msaada na matatizo matatu badala ya moja.

Tena ombi la kukataliwa huisha haraka kuliko la kutafuta na kulinganisha. Vigawa-mzigo vingi vinaweza kupangwa vimpe mgeni mpya seva yenye watu wachache kwa wakati huo, na wenyewe HAProxy wanaupendekeza mpango huo kwa LDAP kwa kuwa miunganisho yake hudumu muda mrefu. Seva isiyojua kitu ndiyo inayowamaliza wageni wake upesi, kwa hiyo ndiyo inayoonekana tupu kila dakika, na kondakta anazidi kuwasukuma huko. Nikikutana na fundi anayejisifu kwamba seva yake moja ina kasi kuliko zote, siku hizi huwa naogopa.

Basi swali linalofaa ni lile ambalo mtumiaji mwenyewe angeliuliza. Ingia kwa jina halisi, mtafute mtu unayejua yupo, kisha hakikisha amepatikana. Hilo la mwisho husahauliwa sana: kwenye LDAP, utafutaji usiopata mtu hata mmoja nao hujibiwa sifuri, "sawa". Usipohesabu waliopatikana umerudi kulekule. HAProxy huruhusu kuita programu ndogo uliyoiandika mwenyewe kwa kazi hii, na vigawa-mzigo vingine vina kipimo cha LDAP chenye nafasi ya jina, nenosiri na kichujio cha kutafutia. Kama watumiaji wako hupita mlango 636, na wewe pita huohuo, la sivyo siku cheti kitakapoisha muda wewe utaona kijani na wao watagonga ukuta.

Chuo kile kilifanya hivyo. Kikaunda akaunti maalumu ya kujulia hali, na paneli ikawa ya kweli kwa mara ya kwanza. Mwezi Machi, siku ya 90 tangu akaunti ile iundwe, saa mbili na dakika chache asubuhi, seva zote tatu zikawa nyekundu ndani ya sekunde sita. Hakuna aliyeingia popote. Maktaba, barua pepe, mtandao wa mabweni, vyote kimya. Seva zenyewe zilikuwa nzima kama chuma. Ni kwamba sera ya chuo iliyolazimisha kila nenosiri libadilishwe kila siku 90 haikubagua: akaunti ya kujulia hali nayo nenosiri lake lilikwisha muda, seva zikakataa kuipokea, na kigawa-mzigo kikahitimisha kwamba wagonjwa wote watatu wamekufa kwa pamoja.

Lililofuata lingenichekesha kama nisingekuwa zamu. Mafundi walikimbilia paneli ya kigawa-mzigo ili wazime ukaguzi ule, wakakuta paneli yenyewe inawataka waingie kwa majina yao ya chuo, na majina ya chuo yanaulizwa kwenye saraka, na saraka iko nyuma ya kigawa-mzigo. Dakika 40 zilipita kabla ya kupatikana mtu aliyekumbuka nenosiri la mashine yenyewe, lile lisilopitia saraka. Siku hizi, naambiwa, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha kwenye sefu.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi kuliko lile la kwanza. Lile la kwanza lilikuwa la uvivu, swali jepesi mno. Hili lilitokana na bidii. Kipimo kizuri kina mahitaji yake: jina, nenosiri, mtu wa kutafutwa, na kila kimoja kinaweza kuharibika kikaonekana kana kwamba aliyeharibika ni seva. Akaunti hiyo isiwekewe mwisho wa nenosiri wala kufungiwa baada ya makosa kadhaa. Badala yake ipewe nenosiri refu na iruhusiwe kusoma mstari mmoja tu wa saraka, ikiibiwa isimfae mwizi. Na namba 49 isitafsiriwe kama kifo. Seva iliyokujibu "sikutambui" iko macho.

Kuna waliolitatua upande wa kondakta. Envoy, kigawa-mzigo kingine kinachojulikana, kina kizingiti kilichopangwa asilimia 50: seva nzima zikipungua chini ya hapo, kinaacha kuamini vipimo na kugawa maombi kwa zote, kwa hoja kwamba yamkini aliyekosea ni mpimaji. Wapo wasioupenda mpango huo. Mimi naupenda kwa saraka, ambako kumpeleka mtu kwenye seva yenye mashaka ni afadhali kuliko kutompeleka kokote.

Kuhusu ni mara ngapi upite kujulia hali, nitasema kidogo. HAProxy, usipoiambia vingine, hupita kila sekunde 2, huitoa seva baada ya kushindwa mara 3 na huirudisha baada ya kufaulu mara 2. Kwa hodi tupu hiyo si kitu. Kwa kipimo kamili ni mara 43,200 kwa siku kwa kila seva, na vigawa-mzigo vikiwa viwili, kimoja akiba ya mwenzake, kila kimoja hupita kivyake. Saraka nyingine huandika saa ya mwisho mtu alipoingia, na maandishi hayo hunakiliwa kwa seva zote, kwa hiyo mpita njia anayeuliza hali anaishia kuwapa wenyeji kazi mchana kutwa. Sekunde 10 au 15 zinatosha kabisa. Muda mfupi mno una hatari nyingine: siku ya mzigo mkubwa seva moja ikichelewa kidogo inatolewa, mzigo wake unawaangukia wawili waliobaki, nao wanachelewa, nao wanatolewa.

Jambo la mwisho linalowashangaza hata waliosoma mambo haya: kuitoa seva kwenye mzunguko hakuwatoi waliokwisha kuingia. Programu nyingi hufungua muunganisho na saraka asubuhi na kuushikilia saa nyingi. Kigawa-mzigo kikiipa seva rangi nyekundu, wageni wapya wanapelekwa kwingine, lakini wale wa asubuhi wanaendelea kuongea na mgonjwa mpaka muunganisho ukatike. Lazima ukiamuru waziwazi kukata miunganisho ya seva iliyotolewa. Nadhani ndiyo siri ya mwalimu wetu wa kikaoni. Nilimuuliza baadaye: barua pepe humkatalia, mfumo wa alama humkubalia, kwa nenosiri lilelile, dakika ileile. Huenda programu moja bado imemshikilia mgonjwa mkono na nyingine imeshahamia kwa mzima. Nimepeleka swali hilo idara ya mitambo kwa maandishi, pamoja na saa na dakika alizoniandikia.

Wanaotaka kuona kwa macho yao, wanaweza kujaribu kwenye laptopu yenye Linux. Weka OpenLDAP, iwashe, kisha igandishe programu yake kwa ishara ya STOP. Bisha hodi mlango 389 kwa nc: utaambiwa mlango uko wazi. Kisha mtafute mtu kwa ldapsearch na uangalie saa ya ukutani. Ishara ya CONT itaizindua, na jibu lako litakuja kama vile hakuna kilichotokea. Vyeti vya usalama tutavizungumza toleo lijalo, inshallah.